Sharti la Usiku wa Ijumaa

Assalaam alaykum, mama zangu, dada zangu na wanangu mliokuja kukaa nasi hapa Ibra siku hizi tatu, wanaume wamekwisha kusomewa yao huko sabla wanakopokea rambirambi, na mimi Turkiya binti Shihab, mdogo wake marehemu, nimepewa niwasomee nyinyi, nami nitasoma kwa haraka kidogo, maana huyu ninayemsoma hakupenda kitu kikae.

Kaka yangu Marhun bin Shihab alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 2 Juni 1945, akasoma Kurani chuoni, kisha skuli hapo hapo Wete mpaka darasa la nane, walimu wakilalamika kuwa kichwa anacho ila kiti hakimtaki, na mama yetu Kaltham akishinda akimwambia, "Marhun, kaa!" Mwaka 1964 tulipoondoka yeye alipitia Mombasa, kisha Kuwait alikobeba mizigo bandarini, mpaka Septemba 1971 alipoteremka Sur, akapanda mgongoni mwa lori hadi Ibra, mji wa babu zetu ambao hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuuona.

Kazi aliipata kwa uongo, na nausema hapa kwa sababu mwenyewe aliusema kila harusi. Siku zile watu wa huku walidhani kila aliyetoka Zanzibar kazaliwa ndani ya motokaa, basi tajiri mmoja aliyenunua lori la Bedford alimuuliza kama anajua kuendesha, na Marhun, ambaye maisha yake yote alikuwa ameendesha baskeli, tena ya kuazima, akajibu, "Na'am, kwani yuko asiyejua?" akaomba apewe lori siku moja limzoee, akaenda nalo nyuma ya majabali, akarudi magharibi taa moja haipo, ametota jasho, lakini dereva.

Lami haikuwapo, njia ya kwenda Sur ilikuwa ndiyo wadi wenyewe, mkondo mkavu unaojaa maji mvua ikinyesha milimani, na kwenye mchanga wa Bidiya alipunguza upepo matairini, abiria wakashuka wakasukuma, wakatandika magunia chini ya magurudumu, akapeleka saruji, mchele, mbuzi, wagonjwa na maharusi kwenye vijiji visivyojua honi ni kitu gani, kisha akageuza kwenda Nizwa kabla chai aliyotiliwa haijapoa, nasi tuliobaki nyumbani roho juu.

Alifunga ndoa hapa Ibra, Alhamisi tarehe 14 Machi 1974, na Ghaniya binti Saif, mzaliwa wa Bujumbura, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa safari za Kongo, akitoka harudi kwa miezi, na mama yake akazeekea mlangoni. Kwa hiyo Ghaniya alimwambia kadhi mbele ya mashahidi kwamba ana sharti moja, mume aende atakako wiki nzima, lakini usiku wa kuamkia Ijumaa alale nyumbani kwake, na watu wakacheka, Marhun akacheka kuliko wote, akakubali.

Hakucheka mwaka uliofuata, wadi ulipojaa akiwa ng'ambo siku ya Alhamisi, akaliacha lori kwa utingo wake, akangoja maji yapungue, akavuka yakimfika kifuani, viatu kichwani, akafika mlangoni adhana ya alfajiri inamalizika, na Ghaniya akamjibu kwa ndani, "Usiku umekwisha, nenda msikitini." Tangu siku hiyo hakukosa tena, Alhamisi kabla jua halijatua tuliisikia honi yake kwenye kona ya mfereji, akiwa dereva wa lori, kisha wa gari la maji la serikali kuanzia 1979, kisha wa teksi baada ya kustaafu 2003, na watoto wao watatu, Badar, Wadha na Khulood, waliijua wiki kwa honi hiyo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, wanawe wakamficha funguo, akawanunia, na Januari mwaka huu, 2025, akalazwa Nizwa, akawa hatulii kitandani, na Alhamisi tarehe 6 Februari tangu asubuhi anavua mipira ya dawa na kudai viatu. Daktari alikataa katakata kumruhusu asafiri, Badar akamwambia, "Khalas, baba, pumzika, Ijumaa ziko nyingi," na kaka yangu akalia, mtu mzima yule, mbele za watu, akisema hataki kufa na deni la Ghaniya, nami niliyekuwepo nikampangusa machozi.

Kabla ya magharibi mlango ukafunguliwa, Ghaniya huyo na Wadha nyuma yake, amebeba mto wake wa kulalia, msala na birika la kahawa, akaviweka kimoja kimoja kama anahamia, akasema, "Sharti nililiweka mimi, na nyumba ni mimi. Leo nyumba imekufuata." Kaka akamuuliza kama gari wameliegesha vizuri, akaambiwa ndiyo, akalala, na kwa miaka yote niliyomjua sijapata kumwona ametulia namna ile, mpaka alfajiri ya Ijumaa Mola wake alipomchukua, tukamzika hapa Ibra baada ya sala ya Alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa waliofumba macho kwa ule mto na lile birika, majirani mliopika, madereva wenzake wa zamani waliotoka Sur na bakora zao, na wewe wifi yangu Ghaniya, uliyeingia eda leo siku ya tatu, najua Alhamisi ijayo utaitegea sikio ile honi, na mimi nitaitegea. Kaka, usiku ule ulilala nyumbani, hudaiwi. Mwenyezi Mungu akurehemu, na sasa, Marhun, kaa kwa amani.