Mama wa Lwakhakha Aliponiomba Niulizie Mtoto

Ndugu zangu, niacheni nisimame hapa hapa. Nikija mbele ya kanisa nitalia kabla sijaanza.

Hapa Kitale mnanijua kama mtu wa duka la mbegu. Zamani nilikuwa mwandishi wa habari. Nilisoma Kiarabu chuoni, na nyumbani Webuye wakanicheka: "Mtoto wa Mbukusu, Kiarabu ya nini bana?" Lakini kazi ikapatikana Nairobi, nikafuatilia siasa za Waarabu, vita vyao na mazungumzo ya amani yanayovunjika. Niliipenda sana.

Nilikuwa na mwenzangu Yemen, mwandishi kama mimi. Hatukuwahi kuonana, lakini tuliongea kwa simu kila siku, hata watoto wangu aliwajua kwa majina. Siku moja tukiwa katikati ya habari, nikasikia mlipuko kwa mbali. Akaniambia, "Ngoja dada, nifunge dirisha." Nikangoja. Nawaambia, laini ilikatika na mimi bado nimeshika simu sikioni. Kesho yake ndugu yake akanipigia, akanieleza kwamba amefariki.

Wakubwa kazini wakasema nipumzike, kisha wakafunga idara yetu. Nikarudi huku. Nikawa nikisikia Kiarabu kwa televisheni hotelini, naacha chai naenda. Mtauliza, si uliomba? Niliomba. Sikusikia kitu.

Halafu mama mmoja kutoka Lwakhakha akaja dukani. Binti yake alienda kufanya kazi za nyumba Ghuba, huko Uarabuni, na sasa simu yake haipatikani. Mtu alimwambia ati najua Kiarabu.

"Mama, niliacha hayo," nikamwambia.

"Sikuambii uandike gazeti. Niulizie tu mtoto."

Akakaa juu ya gunia, akanitazama.

Nikapiga. Maneno ya Kiarabu yakatoka kama ya mtu anayejifunza. Tukatafuta kwa mwajiri, kwa polisi, hospitalini. Wiki zikapita. Mwishowe mtu wa mochari akasoma jina polepole, likimshinda ulimi. Nikamwomba arudie. Lilikuwa lenyewe.

Mimi ndiye niliyemwambia mama. Hakupiga nduru. Aliuliza tu, "Umewaambia wamfunike vizuri?"

Nikapiga tena, nikawaambia.

Mwili ulipoletwa, tulimzika kwao shambani, mvua ikinyesha. Alikufaje, hawasemi. Naendelea kuuliza.

Sasa wazazi wengine wanakuja, wa Bungoma, wa Mlima Elgon. Ni mara chache tunapata mtoto akiwa hai. Sijapona, nisiwadanganye. Lakini asubuhi naamka nikijua kuna mtu wa kupigia simu, na kile Kiarabu kimerudi mdomoni mwangu.

Namshukuru mume wangu, hakuniharakisha. Nawashukuru nyinyi, mliniacha ninyamaze kwa viti vya nyuma bila kuniuliza. Na yule mama, ambaye hata kuja leo hakuweza, namshukuru kuliko wote.

Ninalo moja la kuwaachia. Mtu akikuuliza habari za mtoto wake, usimpe matumaini ambayo wewe mwenyewe huna. Mtafutie jibu. Likiwa baya, mpelekee kwa miguu yako, umwambie, halafu usiondoke upesi.