Mafuta ya Mawese Mtoni Tshopo

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha vijana, mutaniruhusu nisome kwenye karatasi. Munanijua: nikisimama mbele ya watu, sauti inakimbia.

Mwaka huu nilijiandikisha kwa triatloni ya vijana: kuogelea, baiskeli, kisha mbio. Mbio ninaziweza. Baiskeli iko, toleka ya papa yangu, ile anayobebea abiria. Lakini maji! Utotoni nilikaribia kuzama, na tangu hapo mto niliuangalia kwa mbali tu.

Tonton, mdogo wake papa, ni mvuvi. Akakubali kunifundisha alfajiri, yeye katika mtumbwi, mimi majini pembeni yake. Bon, ndugu zangu, nawaambia: Tshopo baada ya mvua inauma kwa baridi! Kila asubuhi niliingia, meno yakagongana, nikatoka.

Mama akanihurumia. Akanipaka mafuta ya mawese mwili mzima. "Baridi haitapita hapa," akasema. Tonton kuniona mwekundu vile, akacheka: "Eh, mutoto, tunaenda kuogelea ao kukukaanga?"

Kweli baridi ilipungua, nikajisahau, nikaenda mbali na ukingo. Hapo pumzi ikakatika. Nikapiga kelele. Tonton akanishika mkono, ukateleza. Akashika bega, likateleza. Mafuta ya mama! Nikaanza kumeza maji.

"Siwezi kukushika!" akalia. "Lala mugongo! Angalia mbingu, pumua!"

Nililala, maana hapakuwa na njia nyingine. Na yale maji niliyoyaogopa miaka yote yakanibeba. Nikapumua. Tonton akaninyooshea kasia, nikalikamata, akanivuta polepole.

Ukingoni mama, aliyekuwa amenifuata kuangalia, alikuwa analia. Tonton akamwambia, "Shemeji, kesho usimupake tena."

"Kesho? Anarudi kule?"

Mimi huyu wa haya nikajibu kabla ya Tonton: "Ninarudi, mama."

Nilirudi. Siku ya mashindano nilitoka majini wa mwisho kabisa, lakini nilitoka kwa mikono yangu, na nilimaliza.

Asante mama kwa kunipenda hivyo. Asante Tonton. Asante ninyi muliopiga kelele barabarani mpaka sauti zikakauka. Nilichojifunza ni kidogo: nguvu zikiisha katikati, usipigane. Lala kwanza, upumue, kisha uendelee.

Na kama kuna mmoja hapa anaogopa maji, Jumamosi asubuhi aje mtoni. Nitaingia wa kwanza, nimsubiri.