Winfred Hataozwa Ili Mpate Shamba

Ndwiga, mdogo wangu, nikifunga macho leo utangoja hata nizikwe, ama utang'oa maua ya mpaka wa shamba langu majirani wakiwa bado wanalia?

Usiangalie viatu. Nyamaza basi, maana pumzi niliyobakiza si ya kubishana. Sikilizeni wanangu, na nyinyi wazee wa muviriga, ukoo wangu mtukufu, mliojaa kwenye viti vyangu mkinywa uji wangu kama watu wanaosubiri msiba uive: mimi Wambura binti Nyamu, mwenye degree ya literature ambayo haikunipatia kazi hata ya kufagia ofisi ya chifu, ninasema kwa mara ya mwisho, na neno la anayekufa hapa Mbeere mnajua linaitwaje. Ni kirumi. Anayeliruka linamfuata mpaka kwa wajukuu.

Nilipokuwa university nilisoma vitabu vya mama mmoja Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria. Njeru mwana wa Ndwiga, acha kumcheka shangazi yako, najua unasema moyoni, “Tata ameanza Kizungu chake.” Yule mama riwaya zake zilitoka kipande kwa kipande kila mwezi, watu wakingoja kama mnavyongoja mvua ya Aprili, na ndani yake daima kuna binti anayemuuguza baba, anamwosha, anamlisha, kisha wosia unasomwa na kila kitu ni cha kaka ambaye hata dawa hakuleta. Na binti akiolewa, sheria ya kwao ilimpa mume mali yake mpaka kijiko. Kumbe alikuwa anaandika habari za hapa kwetu Ishiara! Lakini naye alikuwa na wazee wake: maktaba kubwa za London zilizoazimisha watu vitabu ndizo zilizoamua msichana wa heshima asome nini, na zilitaka juzuu tatu, na juzuu ya tatu, harusi. Kwa hivyo aliyedhulumiwa hapewi shamba, anapewa mchungaji wa kumwoa. Msomaji anafuta machozi. Na dhuluma? Iko palepale, imevishwa shela.

Mwalimu wangu akaandika juu ya kazi yangu, “Excellent study of a vanished society.” Vanished! Eti jamii iliyokwisha kutoweka! Wiki hiyohiyo Ndwiga alikuwa jikoni akimwambia mama, “Huyu ataolewa, shamba la nini?” Sikuolewa. Mkabadilisha wimbo: “Hana mume, shamba la nini?” Aki nyinyi!

Baba alisikia. Akawaita nyote, akachukua jembe, akapanda matoka, yale maua ya mpaka ambayo mtu mwenye akili hayagusi, kutoka kwenye jiwe jeupe hadi mtoni, akasema upande huu ni wa Wambura. Msimu uliopita nilipolazwa hospitali Embu, mtu akayahamisha usiku, akayasogeza mpaka ukutani mwa nyumba yangu, akapanda ndengu zake. Alidhani harudi huyu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ila Ndwiga, mkono wako haujui jembe, wewe ni wa suti na harambee, hukujua kwamba kitunguu cha itoka kikibaki ardhini huchipuka. Mvua ikanyesha. Mstari wa baba ukasimama kijani katikati ya ndengu zako, na wamama wa sokoni wakapita wakisema, “Woi, marehemu Nyamu ameamka.”

Wazee mkaja, mkaona kwa macho. Nikawatajia Katiba, kwamba binti hurithi kama kaka yake. Bundi, wewe mwenyekiti wao, ukaniambia, “Hayo ni ya Nairobi, mama, sisi tutakaa tuzungumze.” Mmekaa. Mmenenepa.

Sasa nagawa. Mbuzi ni wa Njeru, na asiwauze kwa bei ya kutupa Krismasi ikifika. Vitabu wapewe watoto wa shule, msiwashie jiko. Shamba ni la Winfred, binti wa dada yetu Teresia, niliyemlea tangu mama yake alipotuacha, ambaye mnasema hana baba hivyo hana ukoo. Ana mimi. Akiolewa ni lake. Asipoolewa ni lake. Asilazimishwe na mtu kutafuta bwana ili nyinyi mpate pa kupanda ndengu. Nizikeni ndani yake, na... ngoja... nipe maji.

Winfred, mama, sogea. Fungua viganja. Nakutemea mate ya baraka kama bibi yako alivyonitemea... Ulime ukavune, usome ukaajiriwe, mdomo wako uwe mkali kuliko wangu. Thaai, amani iwe nawe. Usilie, mtoto... jembe halishikwi na mkono uliolowa.

Bundi. Uko wapi, sikuoni vizuri... Usiniambie mtakaa. Simama. Simama mbele ya hawa wote, ningali nasikia, useme kwa sauti... shamba hili ni la nani?