Bi Zuhura Likomba na Tundu la Thelathini na Moja

Jumatano tarehe 30 Juni 1982, Bi Zuhura Salumu Likomba anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu hapa Mtwara kwa miaka ishirini na saba. Aliingia mwaka 1955 akiwa karani wa majalada, na anaondoka akiwa Msimamizi wa Chumba cha Kadi. Mimi ninayeandika, Erasto Mshana, nilikuwa mkuu wake kuanzia 1966 hadi nilipostaafu mwaka 1977. Mhariri wa jarida aliniomba ukurasa mmoja wa kumuaga. Moyo wangu umechoka na daktari hafichi, kwa hiyo nimeona niuandike sasa, na niuandike wote.

Wafanyakazi wapya huenda hawajui kadi zetu zilivyoanza. Zilifika mwaka 1969 katika masanduku kumi na manne, kadi moja kwa kila kaya ya vijijini. Pembezoni mwa kila kadi kuna safu ya matundu, na kila tundu lina maana yake: kaya inalima korosho, inavua, inaongozwa na mwanamke, na kadhalika. Jibu likiwa ndiyo, tundu hukatwa hadi ukingoni kwa koleo kama la mkata tiketi wa garimoshi. Ukitaka kuwapata wavuvi, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la wavuvi na kuinua bunda. Kadi zilizokatwa zinaanguka mezani, nyingine zinabaki zinaning'inia.

Sindano iliyokuja na masanduku ilipinda katika mwezi wa pili wa kazi. Bi Zuhura akaleta spoki ya baiskeli, akainoa kwenye jiwe, ikafanya kazi vizuri kuliko ile ya kigeni. Alipochukua ya nne, mumewe, Bwana Mussa, alikuja ofisini mwenyewe.

"Ndugu Mshana, mwambieni mke wangu aniachie hata gurudumu moja. Anataka nije mjini nimepanda fremu?"

"Tembea, baba Salumu," Bi Zuhura alimjibu bila kuinua macho. "Kitambi kitapungua."

Aliyotufundisha chumbani humo bado yanafaa. Kwanza, kuhesabu bunda kabla na baada ya kupitisha spoki, kwa sababu wakati wa masika kadi hunyonya unyevu na kugandana, na mbili zilizogandana huanguka kama moja. Pili, kutazama pembe iliyokatwa mshazari. Pembe moja ikikaa kinyume na nyingine, kadi hiyo imegeuzwa na itajibu swali ambalo hukuliuliza. Jambo la tatu liliwashinda wengi, mimi nikiwamo: ukiwa na masharti mawili au matatu, anza na tundu litakaloangusha kadi chache. Nilimkuta karani akitafuta wanawake wenye kaya wanaovua na kulima muhogo, naye ameanza na muhogo. Karibu bunda zima lilimwagika sakafuni. Bi Zuhura alimsaidia kuokota, kisha akamwuliza, "Mwanangu, umepata nini hapo ambacho hukuwa nacho?"

Mkubwa akiagiza orodha ya wakulima wa korosho na wavuvi, Bi Zuhura hakugusa kadi kabla ya kuuliza: wenye kazi zote mbili, au hata mwenye moja tu? Wakubwa walichukia swali hilo. Mmoja aliyekataa kulijibu alipewa orodha mbili, achague mwenyewe. Huyo huyo aliwahi kuingia chumbani akitafuna korosho, akatolewa nje kwa heshima zote, kwa kuwa mafuta ya korosho yakiingia kwenye kadi hayatoki.

Kila Jumamosi kabla ya kufunga ofisi aliandika fumbo kwenye ubao wa matangazo. Nakumbuka hili: kadi arobaini, kumi na nane za wavuvi, ishirini na tano za wakulima wa korosho, saba za wenye kazi zote mbili, wangapi hawana hata moja? Wengi walijumlisha kumi na nane na ishirini na tano wakapata arobaini na tatu, wakaja kumwambia kuwa kadi zimeongezeka zenyewe. Wale saba walikuwa wamehesabiwa mara mbili. Jibu ni wanne.

Sasa nafika mahali ambapo ukurasa huu ungeweza kupita kimya.

Mwaka 1974 ofisi yetu ilitakiwa kuandaa orodha za kaya za ukingoni mwa Ruvuma zitakazohamia kijiji kipya karibu na Mahurunga. Zisizo na mgonjwa zingetangulia kwa miguu. Zenye mtu asiyeweza kutembea zingesubiri lori siku nne baadaye. Tundu la thelathini na moja lilikuwa la mtu asiyeweza kutembea. Lakini kaya za kitongoji kimoja ziliandikishwa mwezi Machi wakati wa mafuriko, na waandikishaji walipata majina na mashamba tu kutoka kwa mjumbe. Swali la wagonjwa halikuulizwa. Kwa hiyo matundu yao yalibaki mazima, sawasawa na ya watu walioulizwa wakajibu kuwa hawana mgonjwa.

Bi Zuhura aliliona hilo. Jumamosi tarehe 10 Agosti aliandika ubaoni: kadi mia zimepitishwa spoki kwenye tundu la 31, zimeanguka tisa, je, tisini na moja hawana mgonjwa?

Nikacheka. "Bi Zuhura, leo umetupa la watoto."

"Basi lijibu, Ndugu Mshana."

"Tisini na moja. Hawana."

"Hujui," alisema. "Tundu zima linasema mambo mawili. Amekana, au hajaulizwa. Nipe siku tatu niende kitongojini nikaulize."

Nilimwambia kuwa orodha inasubiriwa. Akasema hatatia sahihi yake. Jumatatu tarehe 12 nilitia yangu.

Kwenye orodha hiyo ilikuwamo kaya ya Ndugu Shabani, ambaye mama yake, Bibi Somoe, alikuwa amepooza miguu. Shabani aliwaeleza wasimamizi wa safari, wakamwonyesha jina lake kwenye karatasi ya waendao kwa miguu. Yeye na majirani walimbeba mama yake juu ya kitanda. Bibi Somoe alifariki njiani siku ya pili.

Tarehe 17 Septemba kamati ya watu watatu iliyochunguza kifo hicho iliniuliza nani alitoa orodha. Nilijibu, "Orodha hutolewa na karani wa kadi." Hawakuniuliza zaidi, nami sikuongeza neno. Karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu. Tarehe 3 Oktoba Bi Zuhura alisomewa barua ya onyo mbele ya wafanyakazi wote, akaondolewa chumbani, akapelekwa masijala kwa miaka miwili. Aliporudi mwaka 1976 aliongeza tundu la thelathini na mbili, lenye maana moja tu: ameulizwa. Tangu hapo spoki hupita huko kwanza. Waraka uliosambaza utaratibu huo una jina langu. Wazo ni lake.

Mwezi uliopita nilipelekwa Mahurunga nikamweleza Shabani kuwa sahihi ilikuwa yangu.

"Mzee," alisema, "miaka minane yule mama wa kadi akinisalimu sokoni namgeuzia mgongo. Sasa nitamwambia nini?"

Ameahidi kuja ukumbini kwenye hafla ya kumuaga tarehe 30.

Nilikwenda pia kwa Bi Zuhura. Nilianza kusema juu ya majuto yangu, akanikatiza.

"Mzee Mshana, andika. Ila usiniandikie huruma. Andika tarehe, na nani alitia sahihi."

Ndiyo sababu tarehe ni nyingi hapa. Nilimwomba mkuu wa sasa, Ndugu Josephu Nachilima, aitoe barua ya onyo kabla jalada la Bi Zuhura halijafungwa. Amekataa kuitoa kimya kimya. Barua iliyosomwa mbele ya wafanyakazi, amesema, itafutwa mbele ya wafanyakazi. Yuko sahihi. Kwa hiyo ukurasa huu utasomwa ukumbini, na karatasi ya tarehe 12 Agosti 1974 nimeiambatisha nao. Nikiwa na nguvu nitausoma mwenyewe. Nikishindwa, msomaji asiruke mstari.

Bi Zuhura, kwa miaka ishirini na saba ulitufanya tuulize kabla ya kujibu, na wengi wamepata haki yao kwa sababu hiyo bila kujua jina lako. Asante kwa niaba ya ofisi, na kwa niaba ya mtu aliyechelewa. Nenda nyumbani Msimbati ukiwa na jalada safi. Mungu akupe afya, wajukuu wakusumbue kidogo tu, na uishi salama na Bwana Mussa.