Kilichomo Ndani ya Birika

Benchi lililo nje ya karakana ya Spana lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa chuma, na wanaolikalia hawajawahi kushindwa kueleza jambo lolote duniani. Siku hiyo walikuwa watatu: Spana mwenyewe, fundi wa baiskeli; Kinyozi, aliyemwacha mteja kanyolewa nusu kichwa; na Mzee Mhuri, karani mstaafu. Mbele yao alisimama Dada Mvuke na birika lake la kahawa. Halikuwa na mkaa chini wala waya pembeni, lakini kahawa iliyochemshwa alfajiri iliunguza ulimi mpaka jioni. Alilibuni mwenyewe, miaka minne ya kujaribu na kuharibu, na wiki iliyopita alikuwa amepeleka ombi la hataza, ile hati inayowazuia wengine kutengeneza ulichobuni bila ruhusa yako. Leo mwanasheria wa wawekezaji angekuja kulikagua ombi hilo. Akiridhika, wenye pesa wangeweka mtaji na Dada Mvuke angefungua kiwanda kidogo. Asiporidhika, angeendelea kutembeza vikombe.

— Kwa hiyo wanakukopesha? — akauliza Kinyozi.

— Si mkopo, kaka. Wananunua hisa. Kampuni ikikua, wanakua nayo. Ikianguka, tunaanguka wote.

— Sasa hati ya nini?

— Ili mwenye pesa apate usingizi! — akadakia Mzee Mhuri. — Bila hati, leo unaanza wewe, kesho mwenye kiwanda kikubwa anaiga, keshokutwa unauza kahawa kwa birika lake.

Hapo benchi zima likakubaliana, jambo ambalo halikuwa limetokea mwezi mzima. Halikudumu.

— Siri naijua, — akasema Kinyozi. — Ndani kuna mchanga wa moto.

— Mchanga! Ni sumaku, bwana. Sumaku inalikamata joto lisitoke.

— Sumaku na joto wapi na wapi, mzee?

— Nimegonga mihuri miaka thelathini, leo unifundishe sumaku?

Spana akacheka kicheko cha mtaalamu. Ukweli ni kwamba alichomelea kishikio cha nje tu. Lakini miezi ishirini sasa alikuwa akiwaambia wateja kuwa birika lile ni la “sisi wawili,” na kila pongezi iliyopita njia hiyo aliidaka.

— Semeni tu. Mimi ndiye niliyefunga mitambo. Kuna koili tatu za waya, na ya nne ya siri. Joto likitaka kutoka, linakutana na jenzake, linaona aibu, linarudi.

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha wakatikisa vichwa kwa heshima. Dada Mvuke alitabasamu, akaendelea kumimina kahawa.

Mwanasheria alifika saa nane mchana, mama mmoja mwenye faili jembamba. Aliomba kahawa, akanywa funda moja, akashtuka.

— Imechemshwa saa ngapi hii?

— Saa kumi na moja alfajiri, mama.

Akalizunguka birika mara mbili, macho yamemtoka. Kisha akafungua faili, akaligeukia benchi.

— Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kikishajulikana kwa watu kabla ya ombi, basi tena. Nani kati yenu ameshanywa kahawa ya birika hili kabla ya wiki iliyopita?

— Mimi sinywi kahawa, — akasema Kinyozi, kikombe mkononi.

— Mimi napita tu mtaa huu, — akasema Mzee Mhuri, aliyekuwa amevaa kandambili za bafuni.

Dada Mvuke akaweka vikombe chini.

— Mama, hawa wananidanganyia kwa kunitakia mema. Wamekunywa miezi ishirini, hapa hapa barabarani.

Spana alimtazama. Dada huyu alikuwa amekitupa kiwanda chake kwa sentensi moja, na sauti haikumtetemeka. Mtu wa namna hii, akawaza, mimi najiitaje mwenzake?

— Kunywa peke yake si hoja, — akasema mwanasheria taratibu. — Hoja ni kujua linavyofanya kazi. Ndani mna nini?

Kinyozi akamwangalia Mzee Mhuri. Wote wawili wakamwangalia Spana.

— Huyu ndiye aliyefunga koili, — akasema Kinyozi.

Kalamu ya mwanasheria ikasimama. Wateja wa pancha wakasogea karibu wasikie vizuri.

— Nilichomelea kishikio, — akasema Spana.

— Na ndani?

— Ndani alifunga mwenyewe, kwake, mlango umefungwa. Ufundi nina miaka ishirini na miwili, lakini sijui kilichomo, mama. Sijawahi kujua, na kila siku nimekaa hapa nikikisia.

— Na koili ya siri? — akauliza mteja mmoja.

— Nimesema sijui!

Mwanasheria akaandika neno kwa neno: fundi wa miaka ishirini na miwili, ameliona birika kila siku, na hajui linafanyaje kazi. Uso wake ukakunjuka, akamsogezea Spana karatasi.

— Weka sahihi hapa, bwana fundi. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Spana akafuta grisi kwenye suruali, akatia sahihi mbele ya wateja wake.