Faili Iliyovunjika Muhuri

Mwaka wa tisini na tisa, katika basi la Dadaab, bibi mmoja wa Balambala aitwaye Kaha aliketi nyuma ya watu wawili waliokutana humo humo: Ifrah, karani wa kambi ya wakimbizi, na Abdishakur, fundi wa kompyuta.

Programu ya kambini ya kutafuta watoto waliopotea ilikuwa imekataa kufunguka. Picha zake na maneno ya vitufe vyake vilitoka katika faili moja iliyowekwa kando yake, na Ifrah alikuwa ameandika Kisomali humo, ili akina mama wajisomee.

"Faili ile ina muhuri wa walioitengeneza," fundi akasema. "Ukigusa herufi moja, muhuri unavunjika, na programu haiipokei. Ngoja nakala safi kutoka Nairobi, Alhamisi."

"Kuna mama anangoja habari za mwanawe leo! Iambie isiangalie muhuri, walaal, ndugu yangu," Ifrah akasihi.

"Wallahi siwezi. Kesho mwingine ataingiza faili yake, na mtoto atapewa asiye mzazi wake."

Kaha hakuulizwa, lakini nani humnyamazisha bibi? "Ngamia akifutika chapa, mtamfukuza kisimani afe kiu?"

"Na mwizi akija na ngamia asiye na chapa, eeyo?" fundi akamwuliza bibi.

Kaha akafungua kinywa ajibu, ila basi lilikuwa limesimama kizuizini. "Wote chini! Vipande mkononi!" askari akaita.

Kaha akashuka na kitambulisho chake, ambacho picha yake ilikwisha kufutika kwa jasho. Askari akakigeuzageuza. Ifrah na fundi wakasimama nyuma yake, wakingoja kuona kama atampitisha.