Mlango wa Sisi Sote

Benchi letu liko mbele ya mlango mpya wa abiria wanaowasili, uwanja wa ndege wa Pelletier, Manitoba. Naendesha greda la theluji, nikichoka naingia kuota joto na kunywa kahawa. Wenzangu watatu ndio wenye jengo: Kiwanja, mtu wa uwanja; Penseli, mama mchora ramani; na Zege, mjenzi. Siku hizi wanajenga kwa ushirika. Mkataba mmoja, faida moja, hasara moja, na kunyoosheana vidole marufuku. Ukitamka "mimi" au "wewe", unanunulia benchi zima kahawa. Wamekuwa wapole mpaka wanakera. Leo ndege ya kwanza imetua, na mlango umegoma kufunguka.

— Baridi hiyo, alisema Zege. Hata ng'ombe angegoma.

— Acha uzushi, Zege. Tulichora mlango wa baridi, alisema Penseli.

— Na kufuli tuliagiza nani? aliuliza Zege.

— Sisi, bwana! alidakia Kiwanja. Tusifukue makaburi.

— Mnajua tatizo? Mlango haukushirikishwa. Vikao vyote vile, nani aliuona umekaa?

— Kweli, Penseli! Tuuitie kikao.

— Na bawaba zilete mwakilishi, alisema Zege.

Nikacheka hadi kahawa ikanipalia. Mara akaja dada mmoja mbio, koti zito mkononi.

— Samahanini, yule ni mama yangu. Katoka Iloilo kwenye joto, hajawahi kuona theluji.

Nyuma ya kioo, kwenye ujia ambao haujafungwa hita, bibi mwenye sweta nyepesi alikuwa anatetemeka, kiganja kwenye kioo.

— Karibuni sana, alisema Kiwanja. Sisi sote tumefurahi.

— Nani anafungua?

— Sisi.

— Ninyi nani?

Zege akatazama kikombe. Penseli akatazama Kiwanja. Kiwanja akatazama dari. Dada alikuwa amelibandika koti kwenye kioo, kama vile lingepenya. Hasira ikanipanda.

— Mimi! nikafoka, nikaenda kuchukua mtaimbo kwenye greda.

Niliporudi nao begani, wote watatu walikuwa wamechangamka.

— Jamani, mwenye kosa kapatikana! alisema Kiwanja, akininyooshea kidole. Na kahawa ananunua yeye.

— Mimi yangu nyeusi, alisema Zege.

— Mimi niwekee maziwa, alisema Penseli.